Baji wangu anatapikia kioo: ni ugonjwa?

"Shikamoo daktari. Nakuandikia kutoka Tanga. Tuna baji (yule kasuku mdogo wa kufugwa) dume wa kijani, mjomba alimnunulia mwanangu yapata miaka miwili iliyopita. Anakula uwele na ulezi. Tundu lake lilitengenezwa na fundi wa mtaani kwa waya wa mabati, na liko sebuleni karibu na televisheni, ambayo huzimwa kama saa tano usiku. Miezi minne iliyopita tulimwekea kioo kidogo ili asijione mpweke. Sasa ni wiki ya tatu anatapika mbegu kwenye hicho kioo, anatikisa kichwa, anapiga kelele, na mwanangu akiingiza mkono anang'atwa mpaka damu. Juzi na jana nimemkuta mchana amejivimbisha manyoya, amekaa kimya. Mama mkwe anasema ndege anaona kitu ndani ya kioo. Dukani wanakouza dawa za mifugo wamenipa unga wa njano wa kuku niuweke kwenye maji. Nimpe? Nimtafutie mwenzake? Au nimfungulie tu aende zake?"

Marahaba, mama. Umeniandikia mpaka saa ya kuzima televisheni, na ndivyo ninavyopenda, kwa sababu sehemu kubwa ya jibu imo katika mambo ambayo wengi huyaacha wakidhani hayamhusu ndege. Nikikuelewa vizuri, una hofu kwamba baji anaumwa tumbo, na papo hapo una hofu kwamba tabia yake imeharibika. Mimi nayagawa haya kwa namna nyingine. Kutapikia kioo, kutikisa kichwa na kung'ata ni jambo moja, nalo kwa maelezo yako halifanani na ugonjwa. Kujivimbisha manyoya mchana ni jambo la pili, na hilo ndilo lililonifanya nikujibu leo.

Nianze na kioo. Mama mkwe wako hakukosea: ndege anaona kitu. Anaona baji mwingine, mzuri, mwenye afya, asiyechoka kumtazama, ambaye kila akiinamisha kichwa naye anainamisha, kila akisogea naye anasogea. Baji hajui kwamba anajitazama mwenyewe. Kwake huyo ni mwenzi, na baji dume mwenye mwenzi ana kazi moja kubwa, kumlisha.

Hapo ndipo neno "kutapika" linapotupoteza. Kiswahili kina neno linalofaa zaidi, kucheua, ingawa tumezoea kulitumia kwa mbuzi na ng'ombe. Kama umewahi kufuga njiwa, au hata kuwatazama tu juu ya paa la jirani, umeona mzazi anavyomwingizia kinda mdomo na kumpandishia chakula kutoka kwenye gole, kile kifuko cha shingoni ambamo ndege huhifadhi alichomeza kabla hakijashuka kwenye firigisi. Baji hufanya vivyo hivyo. Porini jike huatamia peke yake kwa siku kama kumi na nane, na muda huo wote dume ndiye anayekwenda kutafuta mbegu, anazimeza, anarudi na kumcheulia mlangoni mwa kiota. Uchumba wenyewe huanza kwa kulishana hivyo, kwa hiyo dume asiyeweza kucheua vizuri hana lake.

Sasa linganisha na anachokifanya sebuleni kwako. Dume wa porini anamlisha jike, jike anameza, anaingia kiotani, anataga, makinda yanatoka, yanakua, na mwili wa dume unapokea taarifa kwamba msimu umekwisha. Homoni zinashuka, anatulia. Kioo hakimezi. Hakiingii kiotani, hakitagi, hakimfukuzi wala hakimkimbii. Baji wako anamlisha bibi harusi asiyeshiba, na kwa kuwa hakuna kinachomwambia kwamba kazi imeisha, anaendelea wiki baada ya wiki. Kung'ata kunatokana na hapo hapo: mkono wa mwanao, hata ukiwa umeshika mtama, kwake ni mgeni anayenyoosha mkono kuelekea kwa mkewe. Usimwadhibu na usilitikise tundu. Akiondolewa cha kulinda, ung'ataji huo kwa kawaida hupungua wenyewe ndani ya wiki chache.

Nikueleze jinsi ya kutofautisha kucheua na kutapika kwa ugonjwa, maana hili ni jambo unaloweza kuliona mwenyewe ukikaa kimya nusu saa. Anayecheua anajua anachofanya. Anatikisa kichwa juu na chini kwa mdundo, mboni za macho zinapanuka na kusinyaa, shingo inajinyoosha, kisha anaiweka mbegu mahali pamoja, taratibu, kama mtu anayepakua chakula, na mara nyingi anaila tena. Baadaye yuko mchangamfu, anaimba. Anayetapika hachagui mahali. Anarusha kichwa kushoto na kulia, mbegu na ute vinaruka kwenye waya na ukutani, na manyoya ya kichwani na mashavuni yanalowa na kugandamana kana kwamba amepakwa gundi. Ukiona kichwa chenye utando huo, usisubiri ushauri wa maandishi.

Nakiri kwamba hata mimi niliwahi kudanganyika. Mwaka wangu wa kwanza kazini nililetewa baji wa bluu kwa malalamiko kama yako. Nikamlaza siku saba kwa dawa ya sindano, na kwangu hakutapika hata mara moja, nikajipongeza sana. Siku ya pili baada ya kurudi nyumbani akaanza upya. Ilibidi niende mwenyewe mpaka sebuleni kwao ndipo nikaona kioo chenye fremu ya waridi, kimejaa mbegu zilizokauka. Ile dawa haikumponya chochote. Kwenye kizimba changu hakukuwa na kioo, basi.

Kwa hiyo ondoa kioo leo. Kiondoe kabisa, usikipeleke upande wa pili, na utazame kama kuna vitu vingine vinavyomrudishia sura yake: bakuli la chuma linalong'aa, kengele ya bati, ndege wa plastiki, hata kioo cheusi cha televisheni ikiwa imezimwa. Siku mbili tatu za mwanzo atamtafuta, ataita na kupanda na kushuka pale kilipokuwa. Watoto wataona huruma na kukuomba ukirudishe, usikubali. Mpe badala yake kitu cha kufanya. Mimi hupenda kitawi kibichi cha mpera usiopuliziwa dawa, kwa kuwa baji hukaa asubuhi nzima akikichuna maganda, na fungu la mchicha lililooshwa na kuning'inizwa likiwa bado linadondoka maji. Mara ya kwanza ataliogopa. Ya pili ataingia katikati ya majani yale, ajisugue kifua na mgongo mpaka manyoya yalowe, halafu apande kijiti cha juu na kujichana kwa mdomo unyoya mmoja mmoja. Mwambie mwanao pia asimpapase mgongoni wala chini ya mabawa, kwa sababu kwa ndege hiyo ni ishara ya kujamiiana. Ndege akikubali, amkune kichwani tu.

La televisheni nalo lina uzito wake. Tanga jua huzama kabla ya saa moja usiku mwaka mzima, lakini kwa baji wako siku inaisha saa tano, maana yake ana mwanga wa saa kumi na saba. Mwanga mrefu pamoja na chakula kisichokatika unauambia mwili wake kwamba ni wakati wa kuzaa. Kuanzia leo, saa moja usiku mhamishie chumba kingine chenye utulivu, au ulifunike tundu kwa kitambaa cha pamba kinachopitisha hewa, akae gizani mpaka saa moja asubuhi. Akiwa ni wa kushtuka usiku na kupigapiga mabawa gizani, mwachie taa hafifu sana ya pembeni.

Sasa nije kwenye lile linalonisumbua. Manyoya yakivimba yanashika hewa, na hewa hiyo huzuia joto la mwili lisitoke, na ndiyo maana ndege hujivimbisha kwenye baridi. Lakini wewe uko Tanga, na umemwona mchana. Sina sababu ya kuamini kwamba alisikia baridi, isipokuwa feni inampiga moja kwa moja, nalo ulitazame. Inawezekana alikuwa anasinzia tu. Baji wengi hulala kidogo adhuhuri, manyoya yakiwa yamelegea, mguu mmoja umekunjwa tumboni, mdomo unasagika polepole, nao huamka mara moja ukiwaita. Asiye mzima husimama kwa miguu yote miwili, macho nusu yamefumba, na ukimwita anakutazama kisha anayafumba tena. Ndege mdogo huficha ugonjwa, kwa sababu kwenye kundi aliyedhoofika ndiye anayechaguliwa na mwewe. Anapoacha kuuficha, huwa hana nguvu ya kuendelea kuuficha, na mara nyingi siku zimekwisha kwenda.

Ndiyo maana siamini sana macho, yangu wala yako. Naamini mizani. Tafuta ile mizani ya kielektroniki ya jikoni inayosoma gramu moja moja, wanayotumia watu wa keki, na kama huna uiazime. Kila asubuhi kabla hajala, mwingize kwenye kopo dogo la plastiki lenye mfuniko uliotobolewa, baada ya kuliweka kopo tupu kwenye mizani na kuirudisha kwenye sifuri, na uandike uzito wake kwenye karatasi. Baji wa kawaida huwa na gramu 30 hadi 40, ila namba moja peke yake haikuambii kitu. Unachotafuta ni mwendo wake. Akianza na 36 akafika 32 ndani ya wiki, amepoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya mwili wake, na hapo hata akiimba taarabu nataka aonwe na daktari. Wakati huo huo tandika karatasi nyeupe chini ya tundu na uibadilishe kila asubuhi. Kinyesi kizuri kina sehemu ya kijani au kahawia iliyojikunja, sehemu nyeupe kama chokaa, na majimaji kidogo. Ukiona mbegu nzima humo, au rangi ya kijani iliyokolea sana, au weusi kama lami, piga picha na uihifadhi karatasi.

Na kabla hujalala leo, pulizia kikombe chake cha chakula. Usicheke. Baji humenya kila mbegu na kuacha ganda juu, na kikombe kilichojaa makapi huonekana kama kikombe kilichojaa uwele. Nimewaona ndege waliokaa na njaa siku mbili mbele ya kikombe "kilichojaa".

Magonjwa ambayo daktari atayafikiria kwa ndege anayetapika kweli si mengi sana. Kuna fangasi wa tumbo anayewapata sana baji, ambaye dalili yake inachanganya watu: ndege anakula kutwa, na bado anakonda, na mbegu zinatoka bila kusagika. Kuna vijidudu vya kwenye gole, vinavyoonekana kwa darubini ute ukipimwa ungali mbichi. Kuna kuvimba kwa tezi la shingo kwa kukosa madini joto, jambo linalowapata ndege wanaokula mbegu tupu kama wako. Tezi hilo hubana koo, sauti ikabadilika ikawa kama mlio wa mluzi anapopumua. Na kuna lile tundu la fundi. Sisemi fundi wako hajui kazi, ila mabati hupakwa zinki, na baji hutumia mdomo wake kupandia waya kila dakika. Ukiona unga mweupe au matone yaliyoganda kwenye maungio, ujue anayalamba. Zinki ikizidi mwilini humletea kutapika, kiu, kinyesi cha kijani na miguu kukosa nguvu. Mtoe kwa siku moja, lisugue tundu lote kwa siki na brashi ngumu, lisuuze kwa maji mengi na ulianike juani. Hilo hupunguza hatari bila kuimaliza. Ukipata fedha siku za mbele, nunua tundu la chuma cha pua.

Kitu kimoja zaidi utazame, ile ngozi laini juu ya mdomo yenye matundu ya pua. Baji wa kijani aliye dume mzima huwa nayo ya bluu. Kama kwa huyu ilikuwa bluu na sasa inageuka kahawia, mpeleke kwa daktari bila kungoja mizani, kwa sababu huenda ana uvimbe kwenye korodani, ambao kwa baji si jambo adimu. Na kama imekuwa kahawia tangu zamani, basi mjomba aliuziwa jike, na jike aliyejivimbisha, anayekaa chini huku anajikamua, huenda yai limemkwama. Hiyo ni hatari ya saa, haingoji kesho.

Ule unga wa njano usimpe. Najua hata binadamu wengi wetu tukikohoa kidogo tunakimbilia vidonge vya rangi mbili, lakini kwa huyu hasara ni kubwa kuliko faida. Kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti kimekusudiwa kuku wanaokunywa malita, ilhali baji kwa kawaida hanywi hata kijiko kimoja cha chai kwa siku, na maji yakibadilika ladha hunywa pungufu zaidi. Hutajua amepata kiasi gani. Kama tatizo ni fangasi, antibiotiki haimgusi, na kama ni zinki, vivyo hivyo. Kama kweli ni bakteria, dozi hiyo ya kubahatisha itawapunguza bila kuwamaliza na kumvurugia daktari vipimo.

Chakula kibadilishe polepole, hasa ukishajua uzito wake umetulia. Baji aliyezoea uwele hatambui kwamba mchicha ni chakula, na ukimwondolea mbegu ghafla anaweza kufa njaa akiutazama. Ongeza mchicha, sukuma wiki na karoti iliyokwanguliwa kila asubuhi, akidonoa asidonoe, na uvumilie hata mwezi. Parachichi asilionje kabisa, ni sumu kwake. Hewa pia ichunge, maana mapafu ya ndege hufyonza kwa wepesi kinachopita hewani: jiko la mkaa, udi, dawa ya mbu ya kuchoma na ya kupuliza visifike chumba alichomo, na kikaango kisichoshika chakula kikiachwa tupu juu ya moto hutoa mvuke unaoweza kumuua baji kwa dakika chache, wakati wewe hujasikia harufu yoyote.

Kuhusu kumfungulia aende zake, hapana. Kwao ni nyika kame za bara la Australia, na huyu wa kwako hata huko hajawahi kufika. Ukoo wake umekuwa vizimbani tangu John Gould, Mwingereza mtaalamu wa ndege, alipowapeleka Uingereza mwaka 1840. Hajui kutafuta mbegu wala hajui mwewe ni nani, na kunguru wa Tanga unawajua. Hatamaliza wiki.

Mwenzake ni swali zuri zaidi, na hapa nasita kidogo. Baji ni ndege wa kundi, na mliweka kioo mkiwa mmeusoma upweke wake kwa usahihi, dawa yake tu ndiyo iliyokosewa. Dume wawili kwa kawaida huishi kwa amani, wanaimba na kulishana bila matatizo. Ukimletea jike utapata mayai, na majike ya baji yana ukali ambao watu hawautarajii kwa ndege mdogo kiasi hicho. Usinunue mwezi huu. Ukimwingiza mgeni wakati huyu hali yake haijajulikana, mmoja akifa hutajua nani alimwambukiza nani. Mwezi mmoja wa uzito usioshuka ukishapita, tafuta dume kijana, umweke chumba kingine na vyombo vyake siku thelathini nyingine, ukinawa mikono kila umgusapo, kwa ajili ya ndege na kwa ajili ya mwanao pia, kwa kuwa kuna homa ya kasuku inayoweza kumpata binadamu mapafuni kwa kuvuta vumbi la kinyesi kikavu. Kama nyumbani kwenu kuna mtu kwa saa nyingi za mchana, anayeongea naye na kumtoa aruke sebuleni madirisha yakiwa yamefungwa na feni imezimwa, anaweza kuishi vizuri bila mwenzake. Akishinda peke yake mpaka watoto warudi shule, ningemtafutia.

Kwa sasa nakupa siku tatu. Kioo kikiwa kimeondoka, giza likianza saa moja usiku, na mizani ikisoma vilevile huku ndege akiwa mkavu na mchangamfu, endelea hivyo hivyo. Lakini akijivimbisha tena kwa saa nzima, akishuka kukaa sakafuni mwa tundu, mkia ukicheza juu na chini kila anapovuta pumzi, au akitapika kwa kurusha kichwa ovyo, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo, na kwanza mpigie uulize kama anatibu ndege wadogo, maana aliyezoea ng'ombe na kuku anaweza kukuelekeza kwa mwenzake. Mbebe kwenye boksi dogo lililotobolewa, lenye taulo kavu chini, pasipo upepo. Chukua ile karatasi ya kinyesi ya asubuhi, daftari la uzito, mbegu kidogo anazokula, na picha ya tundu kabla hujalisugua. Nenda asubuhi mapema, kabla daladala hazijajaa na jua halijawa kali.